ComboBox ya WPF kwenye fomu ya mapokezi ya korosho: tathmini kutoka ghalani

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta za mezani kwa ajili ya maghala ya mazao ya Mtwara na Lindi. Leo napima kifaa kimoja tu kati ya vyote ninavyotumia: kisanduku cha orodha kunjuzi cha WPF (teknolojia ya Microsoft ya kujenga skrini za programu za Windows), yaani ComboBox, na namna kinavyounganishwa na enamu. Nimekipa tathmini yake peke yake kwa sababu kwenye fomu nzima ya mapokezi hakuna sehemu inayoweza kumuumiza mkulima kimyakimya kama hapo. Uzito unasomwa kwenye mizani na kila aliyesimama karibu anauona. Jina la mkulima liko kwenye kadi yake. Daraja la korosho, hata kama limetamkwa kwa sauti mbele ya watu, linaingia kwenye kompyuta kwa mkono wa karani mmoja anayebofya mara mbili, huku nje guta na Kirikuu zimepanga foleni na kila mwenye mzigo anataka kuondoka kabla ya giza. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mkulima anakabidhi mzigo, anapewa karatasi, mnada unafanyika, kisha fedha zinafuata. Korosho zenyewe ameshaziacha ghalani. Kilichobaki mkononi mwake ni kile kilichoandikwa, na daraja la kwanza halina bei moja na la pili.

Hukumu yangu naiweka mbele. Kwa kazi hii, ComboBox ya WPF ni bora kuliko ile ya Windows Forms, teknolojia ya zamani zaidi ya Microsoft niliyoanza nayo, na anayeandika fomu mpya ya Windows namshauri aichukue. Lakini inakuja nusu. Kubeba thamani kutoka kwenye skrini hadi kwenye data inafanya vizuri mno. Kumwonyesha karani maneno anayoyajua umeachiwa wewe mwandishi, na hapo ndipo kazi ya kweli ilipo.

Kwa asiyeandika programu: enamu ni orodha fupi ya majina iliyofungwa ndani ya msimbo wenyewe, na kila jina lina namba yake. Ya kwangu ya madaraja iko hivi:

public enum DarajaLaKorosho
{
    Halijachaguliwa = 0,
    Kwanza = 1,
    Pili = 2
}

Uzuri wake ni kwamba msimbo mzima unajua majibu ni haya tu. Ukiandika "Kwnza" kwa haraka, programu haijengeki, unaambiwa hapohapo kwenye meza yako kabla haijafika ghalani. Ukifika kwenye hesabu ya malipo unauliza kama daraja ni DarajaLaKorosho.Kwanza, basi, hakuna kulinganisha maandishi na maandishi. Hatari inaanza pale mtu anapokichukua kitu hiki kilichofungwa vizuri, akakipeleka kwenye skrini kama maneno matupu, karani akachagua maneno, kisha maneno yakarudi nyuma yageuzwe tena kuwa enamu. Kila ugeuzaji ni nafasi ya kupoteza kitu. Mimi nataka thamani ya enamu iende kwenye kisanduku ikiwa enamu na irudi ikiwa enamu, na kwa kipimo hicho ndicho ninachoipima ComboBox.

Windows Forms inakupa njia ya mkato: unaiambia DataSource ichukue Enum.GetValues, na orodha imejaa. Mstari mmoja. Tatizo liko kwenye mipangilio inayokuja nayo. Kisanduku chake usipokigusa kinakuja na DropDownStyle ya DropDown, maana yake karani anaweza kuchagua au kuandika chochote apendacho. Kwenye ghala moja la wilaya ya Nachingwea nilifungua data za msimu uliopita nikakuta safu ya daraja ina "kwanza", "Kwanza", "D1", "daraja 1" na "stendadi", zote zikimaanisha kitu kimoja. Aliyetengeneza programu ile hakubadilisha mpangilio kuwa DropDownList, akahifadhi maandishi, na makarani waliopokezana waliandika kila mmoja kwa mazoea yake. Ripoti ya jumla kwa daraja ilikuwa haiwezekani kutoka bila mtu kukaa na kusafisha mstari kwa mstari. Hao makarani hawakukosea. Waliandika walichoruhusiwa kuandika.

Kuna jambo la pili la Windows Forms ambalo ni gumu zaidi kuligundua. Ukiunganisha kisanduku na data, kwa kawaida yake thamani mpya haiendi kwenye data mpaka fokasi, yaani mahali kibodi inapoelekezwa kwa wakati huo, itoke kwenye kisanduku. Mpangilio huo wa awali unaitwa OnValidation. Ukiwa na kitufe cha Hifadhi cha kawaida hutaona kitu, kwa sababu karani akikibofya fokasi inahama na thamani inapita. Lakini fomu nyingi zina Hifadhi kwenye ule mstari wa vitufe vya picha juu, ToolStrip, na vitufe vya pale havichukui fokasi. Sasa tazama mfuatano: karani anachagua Pili, anabofya picha ya disketi, skrini inaonyesha Pili, na hifadhidata inapokea Kwanza iliyokuwepo kabla. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Dawa ipo: unaunganisha SelectedValue na kutaja OnPropertyChanged badala ya kuacha ule wa awali. Ila dawa hiyo inamfaa anayejua ugonjwa.

WPF, iliyotoka mwaka 2006 pamoja na .NET Framework 3.0, imelifikiria hili upya kabisa, na hapa naisifu kwa moyo wote. ComboBox yake kwa kawaida hairuhusu kuandika. IsEditable inaanza ikiwa imezimwa. SelectedItem na SelectedValue zinaunganishwa pande mbili bila kuombwa, na thamani inafika kwenye data palepale karani anapochagua, haisubiri fokasi ihame. (Kinachosubiri fokasi kwenye WPF ni TextBox, kisanduku cha kuandikia. Watu wengi huvichanganya hivi viwili wakaanza kuweka UpdateSourceTrigger, mpangilio wa lini thamani iende kwenye data, kila mahali.) Na kinachopita ni enamu yenyewe. Nikiweka alama ya kusimamisha msimbo kwenye sifa ya Daraja, naona DarajaLaKorosho.Pili imefika ikiwa nzima, bila ugeuzaji wowote wa maandishi katikati. Kwa fomu inayogusa malipo ya watu, hilo peke yake lingetosha kunihamisha kutoka kule nilikokuwa.

Sasa nusu iliyobaki. Mfano unaoonyeshwa sana wa kujaza orodha ni ObjectDataProvider: ndani ya XAML, lugha ya kuandikia skrini za WPF, unataja aina ya Enum, unataja GetValues, unapitisha aina ya enamu yako, halafu ItemsSource, sifa inayokipa kisanduku orodha yake, inachukua kutoka hapo. Inafanya kazi, na wapo wanaoipenda kwa kuwa huandiki msimbo wowote wa C#. Mimi siipendi. Ni mistari mingi kwa kila enamu moja, na matokeo yake kwenye skrini ni majina ghafi ya msimbo. Jina la enamu haliwezi kuwa na nafasi, kwa hiyo karani anasoma "ImeharibikaKwaMaji" limeunganishwa kama neno moja. Wengine wanamaliza shida hiyo kwa kubandika Description juu ya kila jina na kuandika kigeuzi cha kuisoma. Ni njia ya heshima, nimeiona kwenye programu nzuri. Ila maandishi ya Description lazima yawe yamefungwa wakati wa kujenga programu, na mimi nina mameneja wa ghala wanaotaka ripoti za Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi huku makarani wakifanya kazi kwa Kiswahili kwenye programu hiyohiyo.

Ninachofanya ni kuandika klasi ndogo yenye sifa mbili, Thamani na Jina. Thamani ni enamu, Jina ni maneno ya kuonyeshwa, na maneno hayo yanatoka kwenye faili la lugha. Orodha ya vitu hivi ndiyo inayokwenda kwenye ItemsSource. DisplayMemberPath inaelekezwa kwenye Jina, SelectedValuePath kwenye Thamani, na SelectedValue inaunganishwa na sifa ya Daraja kwenye rekodi. Karani anaona "Kwanza" au "Pili, imeharibika kwa maji", data inapokea enamu, na mimi sijaandika kigeuzi hata kimoja. Angalizo moja: majina haya ya njia ni maandishi tu ndani ya XAML. Ukikosea herufi moja programu itajengeka bila neno, kisanduku kitakuwa kitupu, na taarifa ya kosa utaikuta kwenye dirisha la Output la Visual Studio, ambalo wengi hawalifungui. Lifungue.

Kuna faida nyingine ya DisplayMemberPath ambayo niliithamini zaidi baada ya kukaa na makarani. Karani mmoja wa Mtama, dada mwenye mkono mwepesi kwenye kibodi, aliniambia, "Kaka, mimi kipanya kinanichelewesha, niwekee niwe nabonyeza herufi." Haikuhitaji kuwekwa, ipo tayari: ukiwa kwenye ComboBox ukabonyeza P, inaruka kwenye kitu kinachoanza na P. Na kwa DisplayMemberPath, WPF inatafuta kwenye maneno yaleyale anayoyaona. Ukitumia ItemTemplate yenye kigeuzi badala yake, utafutaji unaangalia jina ghafi la enamu, kwa hiyo karani anabonyeza herufi anayoiona na kisanduku hakisogei. Hii ndiyo sababu nimeacha kuandika "Daraja la Kwanza" na "Daraja la Pili" kwenye orodha. Vyote vinaanza na D, na herufi moja haitenganishi kitu. Neno Daraja liko tayari kwenye lebo ya pembeni. Ndani ya orodha naweka Kwanza na Pili, K na P, na mkono wa karani hautoki kwenye kibodi.

Nakuja kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote, na ninaomba kila anayeandika fomu za kuingiza data alisome kwa makini. ComboBox ya WPF iliyofungwa, ikiwa na fokasi, inabadilisha chaguo pale mtu anapozungusha kigurudumu cha kipanya juu yake. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kwenye fomu ya kuchagua rangi haina madhara. Kwenye fomu ya mapokezi, karani anachagua Kwanza, fomu ni ndefu kuliko skrini ndogo ya ghalani, anazungusha kigurudumu ili ashuke chini kwenye uzito, na kabla fomu haijashuka daraja limeshakuwa Pili. Macho yake yako kwenye mizani. Na ule uzuri niliousifu juu, wa thamani kufika palepale, hapa unageuka kuwa hatari, kwa sababu kosa nalo linafika palepale.

Kinga yake ni fupi. Unalishika tukio la PreviewMouseWheel, na kama IsDropDownOpen ni uongo unaweka Handled kuwa kweli. Kwa hiyo orodha ikiwa imefunguliwa kigurudumu kinafanya kazi, ikiwa imefungwa hakigusi chochote. Mimi nimeiweka kwenye mtindo wa jumla wa programu ili kila ComboBox iipate bila mtu kukumbuka. Ningependa sana WPF ingekuja na sifa ya kuzima tabia hii moja kwa moja, kwa neno moja, maana fomu za fedha na mazao ziko kila mahali duniani. Kwa hili naikata alama bila kusita.

Kuhusu ile sifuri kwenye enamu yangu. Enamu yoyote ya C# isiyopewa thamani inakuwa sifuri, hata kama hakuna jina lililopewa sifuri. Ukianzisha Kwanza ikiwa 0, rekodi mpya inafunguka ikiwa tayari daraja la kwanza kabla karani hajagusa kitu, na akisahau kuchagua, programu inakubali. Ukianzia 1 bila kutaja sifuri, kisanduku kinaonekana kitupu, ambayo si mbaya, ila kwenye data kuna 0 isiyo na jina. Nimechagua kuitaja: Halijachaguliwa ni 0, haiwekwi kwenye orodha ya karani, na kitufe cha Hifadhi kinabaki kimefifia mpaka daraja liwe kitu kingine. Wapo wanaotumia enamu yenye kukubali utupu kwa alama ya kuuliza, nayo ni sawa. Kisichokubalika ni kumpa mtu daraja kwa sababu karani amepitiwa.

Na namba ziandikwe. Chukua enamu ya mazao ambayo mwandishi ameandika Korosho, Mbaazi, Ufuta bila namba: Korosho inakuwa 0, Mbaazi 1, Ufuta 2. Msimu unaofuata ghala linaanza kupokea choroko, naye kwa kupenda mpangilio wa alfabeti anaiweka Choroko juu kabisa. Programu inajengeka vizuri, ComboBox inaonyesha vizuri, na rekodi zote za zamani zilizohifadhiwa kwa namba zimesogea: korosho za mwaka jana zinasomeka choroko, mbaazi zinasomeka korosho. Namba ikishaingia kwenye hifadhidata ni ya zao hilo milele; jipya linapewa namba mpya mwishoni. Enum.GetValues inapanga kwa namba, kwa hiyo Choroko itatokea mwisho wa orodha. Ukitaka alfabeti, panga ile orodha ya klasi ndogo kwa Jina, usiiguse enamu. Tena upangaji wa GetValues hauangalii alama ya kutoa: aliyeweka -1 kwa "haijachaguliwa" akitegemea itokee juu, ataikuta chini kabisa.

Si kila orodha kunjuzi inastahili enamu, na hapa ndipo ninapobishana sana na vijana ninaofanya nao kazi. Daraja, aina ya zao, hali ya stakabadhi: hizi msimbo wenyewe unazitegemea kufanya maamuzi, na hazibadiliki katikati ya wiki. Enamu. Majina ya AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi vya wakulima), vijiji, maghala: hizo ni data, zinakaa kwenye jedwali. Chama kipya kikisajiliwa Newala, au kimoja kikigawanyika viwili kule Tandahimba, msimamizi anapaswa kuongeza jina mwenyewe kwenye skrini ya mipangilio na kazi iendelee. Ukiwa umeliweka kwenye enamu, lazima mtu ajenge programu upya, aibebe kwenye flashi, azunguke ghala kwa ghala kuanzia Nanyamba mpaka Liwale, katikati ya Oktoba na Novemba wakati hakuna aliye na nafasi ya kufunga kompyuta. ComboBox haijali, inapokea jedwali kama inavyopokea enamu, kwa ItemsSource ileile na SelectedValuePath ileile.

Upande wa gharama hakuna cha kulipa. WPF ilifanywa kuwa ya msimbo huria, ikatangazwa hivyo mwaka 2018, na toleo la Community la Visual Studio ni bure kwa mtu binafsi na kwa ofisi ndogo. Inafanya kazi Windows tu; mwenye kuhitaji Linux aiangalie Avalonia, inayotumia XAML inayofanana, na mengi ya niliyosema juu ya enamu yatamfaa kule pia. Kompyuta za maghala mengi ninayoyahudumia ni za zamani, na ndiyo maana nabaki kwenye .NET Framework 4.8. Inakubali hata Windows 7 yenye SP1, na kwenye Windows 10 za kuanzia Mei 2019 imo ndani tayari, kwa hiyo sihitaji kupakua chochote mahali ambapo bando la intaneti ni la simu ya meneja. Aliye kwenye 4.8 ajue tu kwamba ile namna mpya ya Enum.GetValues, unayotaja aina ndani ya mabano yenye ncha, ilikuja na .NET 5 mwaka 2020. Kule kwetu inabaki ile ya zamani ya typeof, na unaongeza Cast ili upate orodha ya aina yako kamili kabla ya kuipeleka kwenye klasi ndogo.